Bata wa Mama

Kifaru, Jumanne asubuhi

Kaka Anderson, shikamoo.

Huku hatujambo. Bwawa limejaa, na wale bata mwitu wa kila mwaka wamerudi. Mpunga wako unaiva. Ndege kweleakwelea wanaoushambulia wamepungua tangu umwage ule mchele wenye sumu kando ya maji, ukarudi zako Same.

Jana mama aliokota bata wawili pale, wamekufa bila jeraha. Akasema Mungu kampa kitoweo. Hakuonja, amewakausha kwa moshi kwa ajili yako, ndio hao kwenye kikapu hiki ninachokutumia kwa basi la asubuhi hii. Usiwale, kaka. Nilishindwa kumzuia bila kukutaja.

Kesho anashuka tena bwawani kuokota bata wengine wa kula hapa nyumbani. Mpigie leo umwambie mwenyewe. Ukinyamaza, nitasema mimi.

Mdogo wako,
Irine