Magazini Iliyobaki Kabatini

Mjukuu wangu Musa,

Hapa mjini Adelphi tu wazima. Mama yako bado anawauguza wazee kule mji wa jirani, Columbia. Anarudi miguu imemvimba, na kabla ya kuvua viatu anauliza kama umepiga simu kutoka Texas. Hujapiga. Umeniandikia mimi, tena habari za bunduki.

Unauliza magazini ipi ya kujazia risasi ni bora, ya kiwanda kilichotengeneza bunduki yako au ya kuiga. Nilipokuwa na umri wako nilitunza ghala la silaha jeshini, na zote mbili nilizijaribu mwenyewe. Ya kiwandani ilitoa risasi zote bila kusita. Ya kuiga springi yake ilikuwa legevu, risasi ya tatu ikakwama.

Kwa hiyo nilijua. Lakini kila Ijumaa mkubwa wetu alikagua ghala, na magazini ya kiwandani ikikutwa na mkwaruzo, nilikiona cha moto. Basi zile nzuri nilizipaka mafuta nikazifungia kabatini, na waliokwenda doria nikawapa za kuiga. Siku moja rafiki yangu Barasa, akienda doria, aliniomba nzuri. Nikamwambia, "Utaikwaruza."

Yaliyompata huko sitakuandikia. Ijumaa ya wiki ile mkubwa alinisifu mbele ya wote kwa usafi wa ghala.

Sasa nawe unasema ya kiwandani utaiweka kwenye boksi lake isichakae. Ndiyo bora, Musa. Hata ile aliyoiomba Barasa ilikuwa bora. Siku naacha kazi niliikabidhi haina mkwaruzo hata mmoja.

Babu yako