Mahakama Isiyo na Wakili

Dada Zaina, shikamoo. Mimi mzima, ila kichwa kimevurugika.

Leo nilivaa koti jeusi na tai nikaenda mahakamani hapa Unguja mjini, nijifunze mawakili wanavyotetea watu, maana shahada yangu hii ya pili ni ya sheria. Kumbe huku, tangu baada ya Mapinduzi, mawakili wamepigwa marufuku! Bibi mmoja aliyeshitakiwa kwa kuficha mchele wakati huu wa mgao akanishika mkono: “Mwanangu, nsemee.” Nikasimama. Hakimu akaniambia, “Kaa kitako, bwana. Hapa kila mtu hujisemea.” Nikakaa. Bibi akajieleza mwenyewe, akaachiwa. Nje akanitilia kipande cha halua mkononi, akanishukuru mno. Kwa lipi? Na ningemsemea mimi, angeachiwa?

Mungu akulinde wewe na wanao.

Mdogo wako,
Hamisi