Msafara Uliotangulia Jeneza

Issuna,
Jumapili, baada ya misa

Kwako Shemeji yangu mpendwa, Mama Winfrida,

Amani ya Bwana ikukute hapo Rungwa ukiwa umeamka na nguvu za kutoka nje na kuota jua. Kabla ya neno lolote naomba kujua hali yako. Je, usingizi umeanza kurudi? Ile miguu iliyovimba siku za msiba imepungua? Binti yetu Winfrida bado yuko nawe, au amekwisha kurudi kazini kwake Tabora? Kwa upande wangu namshukuru Mungu. Macho hayajambo, ila magoti yananisumbua, na nyumba hii, tangu Magreth wangu alipotangulia, imekuwa kubwa mno kwa mtu mmoja. Alizeti tumevuna. Si nyingi, lakini mafuta ya mwaka hayatakosekana. Majirani wote wa hapa Issuna wanakusalimu na wanaendelea kukuombea.

Niwie radhi kwa kukuandikia kwa kalamu badala ya kupiga simu. Najua Winfrida atasema mzee huyu amebaki zamani. Lakini yapo maneno ambayo nikiyasema kwenye simu, mtandao ukakatika katikati, sitakuwa na ujasiri wa kupiga tena. Nakuomba uisome barua hii hadi mwisho, hata kama utatamani kuiweka chini.

Ujumbe wako nimeupata. Umesema kwamba siku ya arobaini, tutakapoweka msalaba kaburini, ungependa kumkabidhi mwanangu Urbano ile Landrova ya marehemu, kwa kuwa yeye ni mtoto wake wa ubatizo na marehemu mwenyewe alikuwa amekwisha kutamka hivyo. Umesema pia kwamba ungefurahi wale vijana wenzake waje tena na magari yao kama walivyokuja siku ya mazishi. Nilipoupokea ujumbe huo nililia kwa furaha, nisikufiche.

Unakumbuka jinsi mimi na marehemu Chediel tulivyozipata Landrova zetu, misheni ilipoamua kuachana na magari yake ya zamani. Mimi nilikuwa karani wa stoo, yeye dereva wa kupeleka dawa kwenye zahanati za porini. Ya kwangu haikuwa na sakafu upande wa abiria, ya kwake haikuwa na breki za kuaminika, naye akadai kwamba amepata iliyo bora, kwa sababu gari lisilosimama angalau linafika. Wewe ulikataa kupanda mpaka Padre aibariki, na ilipobarikiwa ukakataa bado, ukasema maji ya baraka hayajazi pampu ya breki. Marehemu aliisimulia habari hiyo kila alipopata msikilizaji mpya.

Njia ya Itigi kwenda Rungwa wakati huo ilikuwa mchanga na mbung'o, na sisi wenye magari ya porini tulikuwa wachache kiasi cha kutambuana kwa muungurumo. Tulikuwa na adabu zetu. Mkikutana mchangani, asiye na mzigo ndiye anayetoka njiani na kumpisha mwenye mzigo. Mdogo akikutana na mkubwa, huzima injini kwanza ndipo akatoa shikamoo. Marehemu alikuwa akisema kwamba kumwamkia mzee injini ikinguruma ni kumwamkia ukiwa na ugali mdomoni. Na gari likimharibikia mtu, hapungi mkono. Anafungua boneti, anakaa upande wa kivuli mahali anapoonekana, na kusubiri. Kupunga mkono tulikuona ni kazi ya mtafuta lifti. Anayepita ndiye mwenye wajibu: atasimama, atashuka, ataulizia watu wa nyumbani, na mwishoni kabisa atauliza kwa upole gari lina nini, kana kwamba ni jambo dogo lililomjia tu. Kwa namna hiyo hakuna aliyeaibika. Sina budi kukiri kwamba ndani ya adabu hiyo yalikuwamo majivuno pia. Tulijiona watu.

Siku hizi magari ya porini ni mengi na wenyewe ni wengine. Wanatoka Dodoma na Dar es Salaam mwisho wa wiki, matairi yananifika kiunoni, bomba la kuvutia hewa limepanda hadi paani, taa kama za uwanja wa mpira, na vioo ni vyeusi hata hujui unamwamkia nani. Wanakwenda kwa msafara, wanazungumza kwa redio kutoka gari hadi gari, na wanatafuta matope kwa makusudi. Jambo hilo lilimchekesha marehemu hadi machozi. Alimuuliza Urbano mbele yangu kama huko mjini wapo pia watu wanaolipa nauli kwenda kutafuta malaria. Urbano alicheka akamjibu kwamba Baba, ungeonja siku moja usingerudi kwenye mizinga yako ya asali. Ndiyo kwanza alikuwa amekubaliwa katika kundi lao, wanaojiita Wazee wa Vumbi, ingawa hakuna hata mmoja mwenye mvi. Wenzake ni wakurugenzi na wakandarasi, yeye ni ofisa wa kawaida. Nililiona hilo likimtesa, kwa jinsi alivyokuwa akilifuta gari lake kila aliposimama, lakini sikulipa uzito.

Sasa niifikie ile Jumamosi. Kama ulivyonisimulia, marehemu aliondoka hapo asubuhi kufuata dawa zake za moyo Itigi, kwani zilikuwa zimemwishia. Klachi ikamfia katikati ya Mwamagembe na Mitundu, mahali ambapo simu haishiki. Dereva wa lori la mbao alimkuta jioni, boneti iko wazi, mgongo umeegemea tairi la nyuma. Alikuwa bado anapumua lakini hakuweza kusema. Hakufika Itigi. Sote tulikubali kwamba ni mapenzi ya Mungu na kwamba siku ile njia ilikuwa tupu.

Kisha wakaja Wazee wa Vumbi. Walikuwa wameyaosha magari yao, wamefunga vitambaa vyeusi kwenye vioo vya pembeni, wakalitangulia jeneza kutoka Itigi hadi Rungwa kwa mwendo wa pole ambao hata maaskofu hawajawahi kupewa kwenye njia ile. Mimi mwenyewe nilisimama mbele ya waombolezaji nikawashukuru kwa maneno mengi. Nilisema kwamba tulidhani adabu ya barabarani imekufa pamoja na sisi, kumbe imebadili mavazi tu. Nawe, Shemeji, ukawapa ndoo ya asali, ukamshika Urbano mikono yote miwili, ukasema kwamba laiti vijana hawa wangekuwa barabarani siku ile, baba yao angekuwa hapa anawatania. Nilimwona Urbano akiinamisha kichwa. Nilidhani ni uchungu.

Nilipopata ujumbe wako nilimpigia Urbano simu kumweleza habari ya Landrova. Alisema tu kwamba atakuja. Kesho yake alifika kutoka Dodoma, akakaa kwenye kiti alichozoea, chai ikapoa mbele yake. Akaniambia kwamba Baba, gari lile siwezi kulipokea. Nikadhani analionea haya kwa ukongwe wake mbele ya wale wakubwa zake, nikaanza kumkaripia. Nilimwambia kwamba vyeo vya mjini vimempanda kichwani, kwamba yapo magari ya kununua na yapo ya kuachiwa, na haya ya pili hayana duka. Aliniacha niseme mpaka nikachoka. Ndipo akazungumza.

Shemeji, njia haikuwa tupu. Wazee wa Vumbi walipita hapo siku ile ile, saa za mchana, wakitokea upande wa Rungwa. Urbano alikuwa katika gari la nne.

Waliiona Landrova. Marehemu alikuwa amekaa kivulini, mgongo wima, kofia kichwani, anaitazama njia. Hakupunga mkono, unamfahamu. Kiongozi wa msafara akauliza kwa redio kama mzee yule ana shida. Mmoja akajibu kwamba angekuwa na shida angesimamisha magari, huyo amepumzika. Mwingine akasema kwamba ni muuza chuma chakavu amekaa na bidhaa yake, na kicheko kikapita gari hadi gari. Wa tatu akaongeza kwamba wamwache, wakimgusa atawauzia. Kiongozi, ambaye naona hakuwa mtu mbaya, akauliza mara ya mwisho kama kuna yeyote anayemfahamu.

Redio ilikuwa mkononi mwa Urbano. Utaratibu wao ni kwamba hakuna gari linaloacha mstari bila ruhusa ya kiongozi, lakini ruhusa hiyo huombwa kwa kubonyeza kitufe na kusema neno moja. Hakulisema. Alikuwa amekwisha kucheka pamoja nao, ameniambia, na hakujua ataanzia wapi, baada ya kicheko kile, kusema kwamba yule ndiye aliyemshika kwenye maji ya ubatizo na kumfundisha kuendesha mchangani. Alijiambia kwamba atapiga simu watakapofika penye mtandao. Walipomkaribia, marehemu alilitambua gari la Urbano. Alijiinua nusu, akavua kofia. Urbano akapiga honi mara moja, akapita. Walipofika Itigi alimpigia simu, haikupatikana, chakula kikaletwa, naye akajiaminisha kwamba mzee amekwisha kusaidiwa.

Sisemi kwamba angepona. Daktari hakuniambia hivyo, nami sitaki kukupa jambo la kuhesabu usiku. Najua pia kwamba ile adabu yetu ndiyo iliyomkalisha pale kimya kama mgeni anayesubiri kukaribishwa, wakati angeweza kusimama katikati ya barabara na kupiga kelele. Lakini nikilifikiria hilo kwa muda mrefu naona kama natafuta pa kumpunguzia mwanangu mzigo kwa kumwongezea rafiki yangu, nami naacha.

Barua hii ni ya pili. Katika ile ya kwanza niliandika kwamba vumbi lilikuwa jingi na kwamba Urbano hakumtambua mzee vizuri. Unisamehe, ni kalamu ya mzazi. Nilimsomea Urbano kabla sijaifunga. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniomba niiondoe sentensi hiyo. Akasema kwamba Baba, nilimtambua. Nikaichana, nikaanza upya.

Kuhusu Landrova, nakuomba usimpe. Mpe Winfrida, au mpe yule dereva wa lori, au iache hapo uani kuku watagie. Wale vijana nao wakija au wasije, wewe ndiye utakayesema. Wengi wao hadi leo hawajui kwamba mzee wa kando ya njia na mzee wa ndani ya jeneza ni mmoja. Urbano amesema atawaeleza wote kwa kinywa chake mara akishakuona wewe.

Anayekuletea barua hii ni yeye mwenyewe. Amekuja kwa basi. Nimemwagiza akukabidhi mkononi, kisha atoke akae nje ya ua mpaka utakapomaliza kusoma. Basi la kurudi linaondoka asubuhi. Usipomwita atalala stendi, na mimi sitakuuliza kamwe kwa nini hukumwita.

Sikuombi umsamehe. Sina haki hiyo, na nikiwa mkweli, mimi mwenyewe bado sijafika huko. Usiku alipolala hapa nilishindwa kumwambia lala salama. Ila siku tuliyozika ulilia kwamba linalokuua ni kutokujua mumeo alionekanaje saa zile, kama alikuwa na maumivu, kama alikuwa na hofu, kama alikuwa na maji. Yule dereva wa lori alimkuta amekwisha kupoteza fahamu. Urbano alimwona macho yakiwa wazi. Ukiweza kumvumilia, muulize. Anakumbuka kila kitu, hata rangi ya shati, na ameahidi kwamba hatakuficha lolote.

Nisalimie Winfrida na wajukuu, na jirani zako wote wa hapo Rungwa waliotukalisha na kutulisha siku za msiba. Mungu akutie nguvu, Shemeji, nami nikuone siku ya arobaini, endapo bado utapenda nije.

Ni mimi shemeji yako, ambaye siku hiyo sijui nitakaa upande wa wafiwa au upande wa mwanangu,

Clement Alute