Disketi sita kwenye kopo la kakao

Jumanne, saa nane mchana. Baridi ya mwezi wa saba imetukalia hapa Songea, milima ya Matogoro haijaonekana tangu asubuhi kwa ukungu, na mimi nimevaa masweta mawili na bado sipati joto. Sidhani kama ni baridi peke yake.

Sijala. Nimechemsha chai mara mbili na mara zote mbili imepoa mezani. Wateja wawili wamekuja hapa steshenari kwangu kutoa kopi. Wa kwanza nimempa kurasa za mtu mwingine, wa pili nimemwomba arudi kesho. Nikaona bora nigeuze kibao mlangoni, nifunge, niandike kwenye blogu yangu. Hapa angalau simtazami mtu usoni.

Jumapili ni misa ya kumbukumbu ya baba. Ni miaka minane tangu atutoke. Baada ya misa tutakula kwa mama, Mpitimbi, na katika shughuli yote hiyo mama ameniomba jambo moja tu: nisome mbele ya ndugu yale maandishi ya baba kuhusu Xaveri.

Maandishi hayo sinayo.

Xaveri ndiye alikuwa kifungua mimba wao. Alifariki kwa homa akiwa na miaka minne, kabla mimi sijazaliwa. Hakuna picha yake hata moja. Baba alipostaafu ualimu, alikaa akaandika kila alichokumbuka juu ya yule mtoto, tangu siku aliyozaliwa, na hizo kurasa ndizo picha pekee tuliyo nayo. Kwa miaka minane mama amekuwa akiniuliza, "Kornelia, yale ya baba yako yapo?" Nami kwa miaka minane nimejibu, "Yapo, mama." Sikuwahi hata kwenda kuangalia. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo.

Ngoja nianze na kompyuta yenyewe, maana siku hizi siachi kuiwaza.

Baba aliinunua kwa kiinua mgongo chake, dukani kwa Mzee Osmundi, pale karibu na soko kuu. Wenzake waliostaafu naye walinunua mashine za kusaga, yeye akarudi na kompyuta ya chogo, ile yenye mgongo mkubwa kama televisheni ya zamani. Walimcheka mwaka mzima. Walimwita Mwalimu wa Televisheni Isiyo na Picha, naye akawajibu kwamba unga unaliwa na kuisha.

Nililipenda lile duka kuliko duka lolote la nguo. Redio zilipangwa rafuni hadi darini, zote zikiwa kwenye stesheni moja, kiasi kwamba ukiingia mlangoni wakati wa taarifa ya habari unahisi msomaji yumo ndani mwako. Nyuma kulikuwa na meza ya fundi na ile harufu ya lehemu inayokwaruza pua. Na Mzee Osmundi alikuwa na sharti lake: hakuuza kitu bila kukijaribu mbele ya mnunuzi. Iwe redio, iwe pasi, iwe balbu moja tu, lazima akichomeke, na wote mliomo dukani mnasimama kungoja. Kikiwaka, watu wanapiga makofi. Nimewahi kupigia makofi balbu ya mtu nisiyemjua, na nilifurahi kwa dhati.

Siku ya kompyuta ya baba tulisimama karibu saa nzima, maana ile mashine ilichukua muda wake kuamka. Ilikohoa, ikagonga kwa ndani, ikanyamaza. Mama mmoja aliyekuja kununua betri akauliza, "Mbona haisemi?" Ilipowaka hatimaye, makofi yalisikika hadi kwa wauza dagaa. Baba alijifanya anafuta miwani.

Leo pale wanauza makava ya simu. Unapewa kitu kwenye boksi lililofungwa, ukifika nyumbani kikigoma ni bahati yako. Hakuna anayempigia mwenzake makofi.

Nyumbani mama aliifumia kompyuta kitambaa cheupe chenye maua ya njano, akakataa kitolewe. Baba alikuwa anakifunua upande wa kioo tu, anaandika kwa vidole viwili, akimaliza anakishusha. Ile mashine haikuwahi kupumua vizuri hata siku moja, na sasa hivi ndipo ninapolifikiria hilo. Umeme nao ulikuwa haukai. Mara mbili ulikatika baba akiwa katikati ya ukurasa, akasema, "Umekula tena," akaanza upya bila kulalamika. Ndiyo sababu akanunua disketi sita, akanakili kila kitu humo.

Jioni alikuwa anamsomea mama. Mama kusoma kwake ni kwa kuungaunga, kwa hiyo alikaa tu na kiti chake ameelekeza kwenye kioo, mikono mapajani. Akifika mahali anapopapenda anasema, "Rudia pale pa kuku." Baba anarudia. Xaveri alikuwa akiwaamkia kuku. Kila asubuhi alisimama mlangoni akamwambia tetea shikamoo. Baba alipomuuliza kwa nini anamwamkia kuku, alijibu, "Ana watoto."

Mimi nilikuwa nacheka. Mama hakucheka hata mara moja, alikuwa anatabasamu tu akitazama chini.

Sasa niungame.

Baba alipofariki mama alirudi Mpitimbi, kompyuta ikabaki kwangu mjini. Ilikaa pembeni miaka mitano ikila vumbi, haiwaki tena, mguu wangu ukijigonga kwayo kila siku. Miaka mitatu iliyopita, nilipotaka kupanua chumba, walipita vijana wa chuma chakavu na mzani wao. Nikawauzia. Waliipima pamoja na sufuria mbili zilizotoboka. Sikuhuzunika hata kidogo, maana nilijiambia disketi zipo, zipo kwa mama, na mama hapotezi kitu.

Kweli mama hapotezi kitu.

Jumamosi nikaenda kuzichukua. Nilimkuta jikoni, akanipokea kwa furaha, akapanda kigoda, akanyoosha mkono juu ya moto. Pale darini, juu kabisa ya mafiga, ndipo anapotundika mahindi ya mbegu ili moshi uyakinge na fukusi. Katikati ya mahindi hayo akatoa kopo la kakao alimoziweka disketi, jeusi tii.

"Baba yako aliniambia nizitunze kama mbegu," alisema. "Nikazitunza. Miaka yote hii moto wangu haujazimika. Hebu angalia, hata fukusi hajagusa."

Nikafungua. Zilikuwa zimepinda. Mbili zimeshikana. Zote zina rangi ya chungu.

Mama alikuwa ananitazama kwa fahari, na masizi yapo kwenye paji la uso wake. Nikasema, "Asante, mama. Umetunza vizuri."

Jana nikapanda gari la Peramiho, anakoishi Mzee Osmundi siku hizi kwa binti yake. Amezeeka lakini masikio yake yapo. Nilimwamkia, akanitambua kwa sauti: "Wewe binti wa Mwalimu wa Televisheni!" Ana chumba cha uani kimejaa chogo, redio na waya, na binti yake anamtishia kila mwaka kwamba atavitupa. Nilipata tumaini nilipoiona kompyuta yake moja inayowaka bado. Ilikohoa vilevile. Nilitaka kulia kwa ile sauti tu.

Alizichambua disketi kwa kisu kidogo, akazipangusa kwa pamba, hakuniuliza zilikuwa wapi. Harufu ilimwambia. Tano zilikataa. Ya sita ikazunguka, ikakwaruza, kisha kwenye kioo ukatokea mstari mmoja: XAVERI.

Nikapiga makofi. Mazoea hayana dawa. Mzee hakupiga.

Alijaribu kuifungua mara kumi na moja, nilikuwa nahesabu. Jina lilikuwepo, ndani hakukuwa na kitu. Akazima mashine, akasema, "Binti yangu, kitu nilichouza mimi nilikijaribu mbele yenu. Hiki sikuweza kukijaribu kwa ajili ya kesho. Nenda kamwambie mama."

Nimwambie nini?

Nikimwambia kompyuta niliiuza chakavu, hilo ni kosa langu na nitalibeba. Lakini atauliza, na disketi je? Na nikimwambia disketi zimeuawa na moshi, atajua ni mkono wake. Ni moto wake ule ule aliojivunia, kila asubuhi na kila jioni, kwa miaka minane. Ana miaka sabini na sita. Nisingependa alale na hilo hata usiku mmoja.

Na sasa jambo la aibu kuliko yote. Asubuhi ya leo nimekaa kwenye kompyuta yangu nikaanza kuyaandika mwenyewe. Namjua baba anavyoandika. Kila aya aliianza na "Aidha", kana kwamba anamwandikia afisa elimu. Nikaandika: Aidha, mtoto huyu alikuwa na desturi ya kuwaamkia kuku. Nikaandika kurasa mbili. Nilipozisoma zilinitoa jasho kwa baridi hii, maana zilikuwa nzuri. Mama asingejua. Ndugu wasingejua. Ningesimama Jumapili na karatasi yangu, baada ya kupokea ekaristi, nikamsomea mama uongo kuhusu mwanawe, na angesema, "Rudia pale pa kuku."

Saa sita simu ikaita. Mama, kwa kile kisimu chake cha kitochi.

"Umeyapata?"

"Nayashughulikia, mama."

"Usiruke pale pa mvua," akasema. "Sura yake imeanza kunitoka, Kornelia. Nikifumba macho naona uso wako wewe. Ila maneno ya baba yako yananirudisha."

Pale pa mvua. Nilipekua kichwa chote, hakuna mvua. Sikumbuki mvua yoyote. Nikauliza kijinga tu, ili nipate muda, "Pale pa mvua baba aliandikaje, mama?"

"Aliandika vibaya," akasema.

Nikaibana simu sikioni.

"Aliandika kwamba mtoto alikinga maji ya mvua kwa bakuli, ampelekee baba yake anyolee ndevu. Haikuwa bakuli. Ilikuwa kata, ile kata ya kibuyu ya bibi yako, ina ufa, na maji yote yalimwagika njiani akafika na kata tupu. Akamwambia baba yake, 'Shika, ni ya moto.' Nilimwambia mwalimu afute bakuli. Mwalimu gani anakubali kusahihishwa? Alikataa mpaka anakufa."

Akacheka. Mama yangu, ambaye hakuwahi kucheka mbele ya kile kioo, alicheka peke yake kwenye simu, na mimi nikageukia ukutani nikalia kwa kuziba mdomo.

Kumbe miaka yote ile aliyokaa kimya, mikono mapajani, alikuwa anasahihisha.

"Na kwingine alikosea?" nikamuuliza.

"Ah! Wewe njoo nikuambie."

Zile kurasa mbili nimezifuta. Mashine imeniuliza kama nina hakika. Nimebonyeza ndiyo kabla sijafikiri, maana ningefikiri ningebaki nazo.

Kesho asubuhi nakwenda Mpitimbi na laptopu, chaji imejaa. Nitakaa jikoni kwake, nitamwambia ukweli wa kompyuta, kwamba niliiuza mimi kwa mikono yangu, na nilipokuwa nasema yapo sikuwa nimeangalia. Akitaka kunifokea anifokee. Kisha nitamwomba anihesabie makosa yote ya baba, moja moja, toka mwanzo, nami niyaandike. Zimebaki siku nne, na sijui kama atakubali. Sijui kama akishanisikia atataka kuendelea kuongea nami. Hilo ndilo ninaloliwaza tangu simu ikatike.

Kuhusu disketi nitasema zimegoma kwa uzee. Ni uongo, najua. Ule wa "yapo" ulikuwa uongo wa uvivu. Huu sijui niuite nini, lakini huu nimeuchagua nikiwa macho. Mama hasomi blogu. Wadogo zangu mnasoma, na ninawaomba, neno moshi lisitoke kinywani mwa mtu Jumapili.

Kabla hajakata simu, mama aliniagiza kitu kimoja. "Ukimaliza, usisahau kuniletea kopo langu. Nilirudishe mahali pake, huko mjini kwenu vitu vinaharibika."

Kopo liko hapa mbele yangu. Chumba kizima kinanuka jiko la mama. Nimezirudisha disketi zote sita ndani, ile yenye jina nimeiweka juu, na nimefunga kifuniko.

Kesho nitapanda kigoda mimi mwenyewe na kuliweka kule juu, katikati ya mbegu.