Swali la Sita

Jumatatu, 3 Machi

Fomu thelathini na nane kutoka Mutuini. Chai imepoa nikizipitia. Swali la kwanza sawa, la pili sawa. La sita: "Katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umejisikia vibaya?" Wote wamejibu: hata kidogo. Wote!

Nairobi hii? Kwa kodi hizi? Labda Mutuini ilihamia mbinguni na hakuna aliyenijulisha.

Aliyezijaza ni Mama Nafula, muuguzi mstaafu anayeishi hukohuko. Hojaji ni yangu. Niliitafsiri mwenyewe nilipokuwa nasoma Dar es Salaam. Ndiyo iliyonipa jina, na mwezi huu ndiyo itakayonipa uprofesa. Swali la sita ndilo linalopima huzuni yenyewe. Sipendi ninachokiona.

Jumanne, 4 Machi

Nimezirudia fomu kabla ya kutoka nyumbani. Siku moja kahoji watu saba. Saba! Na kando ya swali la sita, kwenye fomu tisa, ameandika "amecheka". Nani hucheka akiulizwa kuhusu huzuni yake? Huyu mama amekaa kwenye kochi lake akatunga watu, na watu wenyewe wachangamfu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemwita ofisini Kilimani. Kaja na mfuko wa viazi vitamu kutoka kwao Bungoma. Hongo. Nimeuweka kwenye kona, mbali na meza.

Nikamuuliza kuhusu swali la sita. "Daktari wangu, mimi nauliza tu vile uliandika," akasema, macho dirishani. Hakuniangalia. Ananizidi miaka ishirini na siku zote huniita hivyo, Daktari wangu. Leo hilo "wangu" limenikera.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeiandikia kamati ya maadili ya utafiti: nashuku majibu ya Mutuini yametungwa. Jina lake nimelitaja. Yeye nimemtumia ujumbe asihoji mtu mwingine.

Siku za mwizi ni arobaini. Huyu hata thelathini na tisa hakufika.

Nimefurahi. Acha niandike ukweli, nimefurahi.

Jumatatu, 10 Machi

Kamati inataka ushahidi. Haya. Nimepanda boda hadi Mutuini, orodha mkononi, nikawatafute hao watu wa kubuni.

Nyumba ya kwanza, mama anayefulia watu nguo. Nilitarajia aseme hajawahi kumwona Mama Nafula. Kumbe anamjua vizuri. Alimhoji ndoo mbili za nguo zikifuliwa, kisha akamsaidia kuanika. Nikakasirika. Alikuwa ameninyang'anya mwizi wangu.

Nikamsomea swali la sita mwenyewe. Akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mimi? Nijiskie vibaya na nini, Daktari? Mtu wa kufulia watu, ajiskie na nini jameni?"

Sikuelewa. Jirani yake akanihurumia, akaniambia kutoka upande wa pili wa ua: "Si umemuuliza kama ako na maringo mob?"

Nimesimama pale na kalamu yangu. Dar, kujisikia vibaya ni kuwa na huzuni. Hapa kujisikia ni kuringa, na "vibaya" ni kupita kiasi. Na mimi ni mtoto wa Machakos! Neno hili nalitumia kila wiki nikimsengenya mkuu wa idara. Watu thelathini na nane wenye shida zao wameulizwa, kwa jina langu, kama wameringa kupita kiasi. Wakajibu kwa adabu, hata kidogo.

Nikauliza upya. "Moyo wako uko aje siku hizi?"

Akaacha kucheka. Akaketi juu ya ndoo. Tangu Krismasi halali. Kuna asubuhi hainuki, watoto wanajipikia uji. Sikuandika chochote. Nimekaa naye mpaka akakubali twende kliniki kesho.

Fomu yake inasema hata kidogo.

Jumanne, 11 Machi

Kliniki asubuhi. Wamempokea vizuri.

Halafu barua kwa kamati. Nimeondoa mashtaka. Nimeandika kwamba kosa ni la tafsiri yangu, na kwamba matokeo yangu yote ya Nairobi, ya miaka yote, hayafai kuaminiwa. Uprofesa umeenda. Nimefunga mlango wa ofisi nikalia.

Kisha nikatafuta kwenye simu kitu nilichokuwa naogopa kukikuta. Kiko. Mama Nafula, Januari: "Daktari wangu, hii ya sita watu wanacheka. Niulize na njia ingine?" Jibu langu: "Uliza kama ilivyoandikwa."

Nilianza kumwandikia. "Mama, najisikia vibaya sana…" Nikafuta. Nikampigia. Hakushika.

Ijumaa, 14 Machi

Mama Nafula amekuja. Nimemwomba msamaha nikiwa nimesimama. Nimemweleza yote, pamoja na barua, pamoja na kwamba nilifurahi kuiandika. Amesikiliza hadi mwisho.

"Sawa, Daktari."

Amechukua fomu mpya. Swali la sita sasa ni maneno yake, ameyaandika mwenyewe mezani kwangu. Akaenda.

Daktari tu.

Viazi bado viko kwenye kona nilikoviweka. Nimebaki na fomu moja ya zamani. Nimejaza jina langu, umri, mtaa: Kileleshwa. Swali la sita nimelisoma kwa Kiswahili cha Mutuini, nikalijibu. Karibu kila siku.