Nati Iliyozunguka kwa Vidole

Mjukuu wangu Zuhura,

Shikamoo yako imefika, marahaba sana. Hapa Kiranjeranje tu wazima. Mikorosho imechanua, na mama yako mdogo bado amenuna kwamba humpigii simu.

Umeniuliza: shirika lenu la ndege likimkodi fundi wa nje, naye akakosea, dhambi ni ya nani? Umenichanganya kweli. Nimekumbuka siku niliyompeleka bibi yako Dar kwa ndege ndogo kutoka Kilwa Masoko, akiwa na mimba ya mama yako na hali si nzuri.

Fundi wa kukodi alikuwa ametoka kubadilisha gurudumu. Rubani akauliza, "Nani amekagua?"

Fundi akajibu, "Mimi nimefunga tu, kukagua ni kazi ya shirika."

Mtu wa shirika akadakia, "Si tumemkabidhi yeye?"

Rubani akainama, akagusa nati moja. Ikazunguka kwa vidole.

Madrasa tulifundishwa kuwa kuzika maiti ni faradhi ya wote: wachache wakiitekeleza, wengine wamesalimika, ikiachwa, wote wana dhambi. Swala, kila mtu na yake. Sasa nati ile, Zuhura, iko fungu gani? Mpaka leo sijui.

Waliikaza, tukapanda. Bibi yako akaninong'oneza, "Sasa mwenye dhamana yetu ni yupi?"

Wale wawili, fundi na mtu wa shirika, walikuwa wamesimama pale chini. Nikainua kidole nimwonyeshe dirishani, nikakosa pa kukielekeza. Na mama yako yumo tumboni.

Mungu akulinde, wewe na abiria wako.

Babu yako Saidi