Maelezo ya Muuza Kuni Kuhusu Moto wa Tanuri la Mikate

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Mama Kavu (ndivyo anavyojulikana sokoni, na ndivyo anavyotaka aandikwe)
Umri: Miaka 47
Kazi: Kuuza kuni
Makazi: Chumba kilicho nyuma ya banda lake la kuni, kando ya soko

Mimi niliyetajwa hapo juu nimeelezwa kwamba nikisema uongo nitashtakiwa. Sawa. Natumaini na wengine waliokalia kiti hiki wameelezwa hivyohivyo.

Nauza kuni tangu mume wangu alipofariki. Bandani kwangu kuna marundo mawili. La mbele ni la kuni mbichi, zimepasuliwa juzijuzi tu, zimepangwa kwa nafasi ili upepo upite katikati. Hizo bado haziuzwi. La nyuma, chini ya bati, ndilo la kuni kavu. Ukuni uliokauka una nyufa kichwani, gome linabanduka lenyewe, na ukigonga mbili pamoja zinalia ko, ko. Mbichi zinasema pu, kama mtu aliyelazimishwa kuitikia salamu.

Mlalamikaji ni mwoka mikate wa mtaa wa pili. Amemuoa dada yangu, kwa hiyo ni shemeji yangu. Mtuhumiwa wa kuchoma bekari yake ni mpasua kuni wangu. Tunamwita Radi kwa utani, maana akiongea utadhani kuna mtoto mchanga amelala chumba cha pili.

Mnamo tarehe 14 ya mwezi huu, majira ya saa mbili asubuhi, shemeji alikuja bandani na mkokoteni wake. Alikwenda moja kwa moja kwenye rundo la mbele, akachukua ukuni mmoja, akaupima uzito mkononi, akatabasamu.

"Hizi ndizo kuni," alisema. "Zile za nyuma unaniuzia karatasi."

Nikamwambia, "Shemeji, uzito huo ni maji. Ukizitia tanurini zitatoka povu na mkate utanuka moshi."

"Usinifundishe kazi. Kitu kizito ndicho chenye moto."

Ana ugonjwa huo tangu nimfahamu. Hata kitanda chao cha harusi alikichagua kwa uzito, na mlango ulibidi ung'olewe ili kiingie.

Radi alikataa kupakia. Alisema tu, "Mzee, hizi bado." Shemeji akamsukuma kifua, akaanguka juu ya magome. Akainuka, akajipangusa, akachukua shoka lake, akarudi kwenye gogo alilokuwa akipasua. Nasikia imeandikwa hapa kituoni kwamba alishika shoka kwa vitisho. Yule ni mpasua kuni. Mlitaka ashike nini, kijiko?

Shemeji alijipakilia mwenyewe akaondoka.

Majira ya saa sita mchana nilikwenda bekari kununua mkate. Ndani kulikuwa na moshi wa kukutoa machozi. Niliona kwa macho yangu kuni zile zile mbichi zimepangwa juu ya tanuri, nyingine zimeegemezwa pembeni mwa mdomo wake, karibu zifike kwenye mbao za dari. Nilimwambia, "Shemeji, zitoe hapo. Zikishika moto, na dari itashika."

Akanijibu, "Si ulisema zina maji? Basi nazikausha."

Kisha akaenda kulala kwenye magunia ya unga, chumba cha nyuma. Dada yangu alikuwepo, akasikia yote. Akaniambia, "Nimechoka kubishana naye, mdogo wangu. Mwache."

Nilirudi bandani. Tangu hapo hadi tuliposikia kelele za moto, majira ya saa tisa alasiri, Radi alikuwa mbele yangu anapasua, mimi napanga. Hakutoka. Kelele zilipoanza, yeye ndiye aliyetangulia kukimbia na ndoo. Yeye ndiye aliyeingia kwenye moshi akamvuta shemeji kwa miguu hadi barabarani. Mikono yake iliungulia hapo, watu wa mtaa mzima wakiona. Leo naambiwa mikono hiyo ndiyo ushahidi kwamba aliwasha moto. Nimesikia mengi katika maisha yangu, lakini hili limenichefua.

Jioni ya siku ile ya moto dada alikuja chumbani kwangu. Alisema mwenye jengo akijua ni uzembe wao atawatoa wote, na wanaishi humohumo nyuma ya bekari. "Sema tu hukufika bekari leo. Yule Radi ni wa kupita, sisi ni damu. Damu ni nzito kuliko maji."

Kuhusu vitu vizito nimeshaeleza hapo juu.

Dada huyo ndiye aliyenilea tulipofiwa na wazazi. Alipiga magoti mbele yangu, mkubwa kwa mdogo, na niliumia sana. Nilimwinua. Nikamwambia wakitolewa waje kwangu, tutabanana. Akasema, "Ukienda kusema, nikifa usije kunizika."

Afande ameniuliza mara mbili kama huenda sikuona vizuri kwa sababu ya moshi. Moshi uliniingia machoni. Kichwani haukuingia. Radi hakuwasha moto ule, na kila saa anayokaa mahabusu na vidonda vyake ni saa ya dhuluma. Andika hivyo hivyo, usipunguze.

Niliyoyasema ni haya, ni yangu, na sikutumwa na mtu.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maoni ya askari aliyeandika: Nimemsomea shahidi maelezo yake kwa sauti, amekubali kuwa ni sahihi. Nilimshauri aongeze neno "labda" pale anapoeleza kuni zilizokuwa juu ya tanuri. Amekataa. Nilimjulisha kwamba dada yake amekaa kwenye benchi nje ya mlango wa mbele tangu asubuhi, nikamwonyesha mlango wa nyuma. Ametoka kwa mlango wa mbele.